Maswali ya Wasomaji: Kwotabeki Akipoteza Shabaha, Anza na Miguu Yake

Barua za soka la Kimarekani mwezi huu karibu zote zinamlenga mtu mmoja: kwotabeki, yule anayepokea mpira kutoka kwa senta (mchezaji wa katikati ya safu ya mbele anayeuanzisha) na kuamua aurushe, aukabidhi au akimbie nao. Wasomaji mmetaja wachezaji wa timu tofauti. Majina yao tumeyaacha, kwa kuwa fomu ya mrushaji hugeuka kabla gazeti halijafika Arua. Maradhi mliyoyaeleza, hata hivyo, ni yaleyale, na yanaonekana kwa macho ukijua pa kutazama.

Tunatazama mechi za Jumapili kwenye kibanda cha video, tuko wanne. Mwenzetu mmoja anamtetea kwotabeki wetu kwamba pasi zake zinafika kwa asilimia 70. Sisi watatu tunaona timu haisogei. Nani ana haki? – Msomaji, Mbale

Mwenzenu hakudanganya, ila ameleta namba moja akaacha tatu. Asilimia ya pasi zilizofika haisemi zilifika wapi. Timu hupewa majaribio manne, yaani dauni, ya kusogea yadi 10. Chukua dauni ya tatu, timu inahitaji yadi 8. Kwotabeki anampa mtu aliye yadi 3 mbele yake, naye anaangushwa palepale. Kitabuni hiyo ni pasi iliyofika. Uwanjani, mpira unapigwa teke kwenda kwa wapinzani.

Mfano mzuri ni Sam Bradford wa Minnesota Vikings. Mwaka 2016 alimaliza msimu kwa asilimia 71.6, rekodi ya NFL, ligi kuu ya Marekani, kwa wakati ule. Timu ilianza kwa kushinda mechi 5 mfululizo, ikamaliza kwa ushindi 8 na vipigo 8, na mchujo ikauona kwenye televisheni.

Tafuteni karatasi mpige hesabu ambayo ligi yenyewe huitumia kuwapima warushaji. Ina vipande vinne. Kwanza gawanya pasi zilizofika kwa zilizorushwa, toa 0.3, zidisha kwa 5. Pili gawanya yadi kwa pasi zilizorushwa, toa 3, zidisha kwa 0.25. Tatu gawanya tachidauni (pasi zilizofikisha mpira sehemu ya kufungia) kwa pasi zilizorushwa, zidisha kwa 20. Nne gawanya pasi zilizonaswa na wapinzani kwa pasi zote, zidisha kwa 25, kisha jibu hilo litoe kwenye 2.375. Hakuna kipande kinachoruhusiwa kushuka chini ya 0 wala kupita 2.375. Jumlisha vyote vinne, gawanya kwa 6, zidisha kwa 100. Upeo wa juu kabisa ni 158.3.

Sasa tuseme kijana amerusha pasi 32, zimefika 20, yadi 230, tachidauni 1, zimenaswa 2. Vipande vinatoka 1.625, 1.047, 0.625 na 0.8125, na jibu ni 68.5. Punguza pasi moja tu iliyonaswa, mengine yote yabaki vilevile, na jibu linaruka hadi 81.5. Pointi 13 kwa mpira mmoja! Na hesabu hii haijui kama mpira ule ulirushwa vibaya au ulimgonga mpokeaji viganjani ukadundia kwa adui. Haijui pia ni mara ngapi kwotabeki ameangushwa na mpira mkononi, wala yadi alizokimbia mwenyewe. Ndiyo maana sisi tunaanza na yadi kwa kila pasi iliyorushwa. Mtu anayerusha kwa asilimia 70 lakini anapata chini ya yadi 6 kwa pasi anaogopa kutazama mbali, au kocha wake ndiye anayeogopa. Akipata 7.5 na kuendelea, asilimia 63 zinatosha kabisa.

Mechi zilizokuwa saa mbili usiku sasa zinaanza saa tatu. Kituo kimebadilisha ratiba? – Msomaji, Lira

Hapana. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatugusi saa zetu. Mechi ya saa saba mchana New York, ambayo Septemba na Oktoba tunaiona saa mbili usiku, inahamia saa tatu mpaka msimu uishe. Ile ya Jumapili usiku wao, kwetu tayari Jumatatu, inatoka saa 9:20 usiku kwenda saa 10:20 alfajiri.

Robo ya kwanza pasi za kwotabeki wetu zinanyooka kama mkuki. Ikifika robo ya tatu zinapita juu ya vichwa vya wapokeaji. Hapa Arua wengi tunasema mkono umechoka. Mnasemaje? – Msomaji, Arua

Tunasema mkono uwe wa mwisho kulaumiwa. Pasi inaanzia ardhini: nguvu hupanda kutoka mguuni, ikapita kiunoni, ikafika begani, na mkono unamalizia tu. Mtu aliyezoea kurusha mara 35 kwa mechi hachoki mkono kwenye pasi ya 20. Kinachochoka ni miguu, na kinachoharibika mapema zaidi ni utulivu.

Mtazameni wakati wa marudio, mkisimamisha picha pale anapomaliza hatua za kurudi nyuma. Tuseme anatumia mkono wa kulia. Mguu wa kulia unakanyaga kwa nguvu, uzito ukiwa upande wa ndani wa wayo, goti limekunjwa kidogo. Halafu mguu wa kushoto unapiga hatua fupi kuelekea kwa mpokeaji, hatua isiyozidi sana urefu wa kiatu. Kiuno kinageuka kwanza, bega linafuata, kiwiko kinakuja kikiwa usawa wa bega au juu yake, na mpira unatoka ukiwa mbele ya uso. Yote hayo ni chini ya nusu sekunde.

Sasa tazameni robo ya tatu. Ameshaangushwa mara tatu nne, mbavu zinauma. Hata kama hakuna mtu karibu, mwili unategea pigo. Mara nyingi atafanya moja kati ya mawili: atapiga hatua ndefu mno kwa mguu wa kushoto, au hatapiga hatua kabisa na atarusha akiwa ameegemea mguu wa nyuma. Matokeo yanafanana. Uzito unabaki nyuma, kifua kinatazama juu, mpira unaondoka mkononi wakati mkono bado unapanda. Unapita juu ya kichwa cha mpokeaji, na beki wa mwisho aliye nyuma yake anaupokea kama zawadi. Kwa kwotabeki hakuna kosa la gharama kuliko hilo, kwa sababu pasi inayoanguka chini inapoteza dauni tu, ila inayopaa inapoteza mpira.

Si kila mpira uliopaa una asili moja. Ukipaa na kwenda kulia, kwa mrushaji wa mkono wa kulia, tazameni bega la kushoto: limefunguka mapema, mkono umebaki nyuma ukifukuzia mwili. Hilo huwapata wanaotaka kuongeza nguvu. Mpira ukiangukia kwenye kamba za viatu vya mpokeaji, mara nyingi umeachiliwa kwa kuchelewa, au mrushaji ameinama kiunoni, au ameacha kurusha akaanza kuuelekeza kwa uangalifu kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano. Kuelekeza ni dalili ya mtu aliyepoteza imani. Mpira ukitikisika angani badala ya kuzunguka vizuri, fikirieni vidole: mvua, kidole gumba kilichoteguka, au mpira umeng'ang'aniwa mpaka kiganja kizima kimeugusa. Kati ya kiganja na mpira lazima pabaki uwazi mdogo, na kidole cha shahada ndicho kinachouaga mpira mwisho.

Na ukifika vizuri lakini nyuma ya mpokeaji anayekimbia? Hapo mwili hauna kosa lolote. Macho yamechelewa.

Fanyeni hivi kwenye mechi mbili zijazo. Kwa kila pasi iliyokosa, andikeni herufi: J kwa juu, C kwa chini, N kwa nyuma ya mpokeaji, T kwa zile alizozitupa nje makusudi, M kwa zile zilizomgonga mpokeaji mikononi. Ondoeni T na M. Katika kumi zinazobaki, sita au zaidi zikiwa za herufi moja, kuna kosa la mwili, na kocha mzuri analishughulikia ndani ya wiki chache. Zikitawanyika kila upande, kosa liko kichwani au kwa wanaomlinda.

Kosa la mwili hurekebishika hata kwa mtu mzima. Josh Allen wa Buffalo Bills alianza mwaka 2018 kwa asilimia 52.8, akapanda hadi 58.8 mwaka uliofuata, na mwaka 2020 akafika 69.2. Wengi walishamwandikia kwamba mkono una nguvu lakini hauna macho. Alifumua upya namna anavyorusha, kuanzia mpangilio wa miguu, na mwaka huohuo wa 2020 akaletewa mpokeaji Stefon Diggs. Mafanikio yake ni ya vyote viwili, na anayemsifu kwa kimoja tu anamdhulumu mwenzake.

Mimi nasema wapokeaji wanamwangusha, rafiki yangu anasema ni wale watano wa mbele wanaoshindwa kumlinda. Tutaamuaje? – Msomaji, Busia

Kwa saa ya simu. Bonyezeni mpira unapotoka kwa senta, simamisheni unapotoka mkononi mwa kwotabeki. Kama mpira umetoka kabla ya sekunde 2.5 na haukufika, msiwalaumu watu wa mbele, wametimiza kazi yao. Kama mkabaji, mpinzani anayemsaka kwotabeki, amemfikia kabla ya sekunde 2.5, msimlaumu mrushaji. Kazi ngumu ni zile za sekunde 3 na zaidi: huenda hakuna mpokeaji aliye wazi, huenda yuko wazi na kwotabeki hajamwona. Picha ya televisheni ya kawaida inakata wapokeaji walio mbali, basi subirini marudio yanayopigwa kutoka juu kabla ya kuhukumu.

Kuna pasi moja inayofumbua mengi, nayo ni ile ya yadi 12 kwenda pembeni. Mpokeaji anakimbia mbele yadi 12 kisha anakata ghafla kuelekea mstari wa nje. Inaitwa pasi ya yadi 12, lakini pigeni hesabu. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi moja. Kama mpira ulianza kwenye zile alama fupi za katikati ya uwanja zilizo mbali zaidi na mpokeaji, na kwotabeki amerudi yadi 7, mpira unaruka karibu yadi 34 angani. Kwa kasi ya maili 50 kwa saa unakaa hewani karibu sekunde 1.4. Mrushaji akisita kwa sehemu ya tano tu ya sekunde, beki wa pembeni anayekimbia yadi 8 kwa sekunde amepata yadi moja na nusu zaidi. Hiyo inatosha kunyoosha mkono, kunasa na kukimbia mpaka mwisho wa uwanja bila mtu mbele yake. Kwa hiyo mpira huu hutupwa kabla mpokeaji hajageuka. Kwotabeki anayesubiri kumwona mpokeaji akiwa wazi ndipo arushe, ameshachelewa. Mkiona timu imeacha kabisa kuita pasi hiyo, kocha hamwamini tena mtu wake, hata kama mbele ya waandishi anasema vingine.

Kitu cha tatu ambacho hamkukitaja ni wapinzani. Mwaka 2021 Patrick Mahomes wa Kansas City alionekana amepotea: timu ilishinda 3 na kupoteza 4 mwanzoni. Mkono wake ulikuwa uleule. Mabeki waliamua kuweka watu wawili nyuma kabisa, kuziba pasi ndefu, na kumwambia: chukua fupi. Yeye akalazimisha ndefu. Alipokubali kula kidogokidogo timu ikamaliza na ushindi 12 na vipigo 5, na msimu uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi na bingwa. Basi kabla ya kusema kiwango kimeshuka, hesabuni mabeki wa mwisho kabla mpira haujatoka. Wakiwa wawili mbali, pasi fupi na mbio za katikati ndiyo majibu sahihi, na kwotabeki anayezitumia hachezi kwa woga.

Mara nyingine yote hugongana. Carson Wentz wa Philadelphia mwaka 2017 alikuwa na tachidauni 33 na pasi 7 tu zilizonaswa. Mwaka 2020, katika mechi 12, alinaswa pasi 15, akaangushwa mara 50, asilimia ikawa 57.4. Safu ya mbele ilijaa majeruhi, naye alizidi kushika mpira muda mrefu akitafuta pasi ya ajabu. Mlinzi dhaifu humfundisha kwotabeki tabia mbaya, na tabia ile humfanya mlinzi aonekane dhaifu zaidi. Wewe na rafiki yako mngebishana mpaka alfajiri, na kila mmoja angekuwa na ushahidi.

Kocha amweke benchi? – Msomaji, Fort Portal

Mechi tatu mbaya, hapana. Akianza kurusha mpira ule ule kwa beki yule yule baada ya kuonyeshwa kosa kwenye video, ndiyo.

Nafundisha soka la bendera, lile ambalo mwenye mpira huvuliwa bendera ya kiunoni badala ya kuangushwa, katika shule ya sekondari hapa Jinja. Mrushaji wangu ana miaka 16, mkono mzuri, lakini leo anapata nane kati ya kumi, kesho tatu. Nimpe mazoezi gani, na uwanja tunaokopa kwa timu ya mpira wa miguu nitaupangaje? – Mwalimu, Jinja

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo, hasa sasa mchezo huu ukielekea Olimpiki ya Los Angeles 2028.

Tuanze na uwanja. Soka la bendera la watu watano kwa watano linahitaji yadi 70 kwa 25, yaani karibu mita 64 kwa 23, pamoja na sehemu mbili za kufungia. Uwanja wa mpira wa miguu wenye upana wa mita 68 unameza urefu huo ukiulaza kwa upana. Ukipanga hivyo unapata viwanja vitatu kando kwa kando na nafasi ya usalama katikati, na vijana 30 wanacheza kwa wakati mmoja.

Mrushaji wako anahitaji pasi 50 kwa siku, siku tatu kwa wiki, asirushe siku mbili mfululizo. Zaidi ya hapo bega linalipa. Kumi za kwanza apige goti la kulia chini, umbali wa yadi 10. Miguu ikiondolewa kazini utauona mkono peke yake: kiwiko kisishuke chini ya bega. Kumi zinazofuata asimame, miguu upana wa mabega, bila kupiga hatua. Kisha 15 za kurudi hatua tatu na kurusha yadi 15. Hapo lala kamba chini kutoka mguu wake wa kulia hadi kwenye shabaha. Mguu wa kushoto ukanyage pembeni kidogo ya kamba, upande wa kushoto. Ukiivuka kamba kwenda kulia amejifunga kiuno, ukienda mbali kushoto bega linafunguka mapema. Piga alama ya chokaa pale mguu unapotua. Baada ya pasi 15, alama zikikaa ndani ya eneo la kiganja kimoja, umempata. Zikitawanyika kama mahindi yaliyomwagika, ndiyo sababu ya nane leo na tatu kesho, na hakuna haja ya kutafuta nyingine. Pasi 15 za mwisho arushie mtu anayekimbia, na mpira utoke pale mpokeaji anapokanyaga mguu wa kukatia kona, si baada yake.

Shabaha nzuri ni tairi kuukuu la boda, lililoning'inizwa kwenye mwamba wa goli kwa kamba mpaka likae kimo cha kifua. Kinachoharibu zoezi ni vijana kushindana nani anarusha mbali. Wakianza hivyo kiwiko kinashuka na kazi ya wiki nzima inapotea. Pasi tatu mfululizo zikianguka fupi, msimamishe, hata kama hesabu haijafika 50.

Mpira wenyewe ukaguliwe. Wa saizi kamili una urefu wa sentimita 28 na uzito wa zaidi kidogo ya gramu 400, na upepo wake ni kati ya 12.5 na 13.5 kwenye kipimo cha paundi. Pampu ya baiskeli yenye sindano na kipimo inatosha. Uliojazwa kupita kiasi unateleza, na mvua ya Jinja ikiingia ndiyo kabisa. Weka taulo mbili pembeni. Mpira mmoja ukichezwa, mwingine unakaushwa.

Mwisho, mzoeshe muda. Mkabaji anaanzia yadi 7 kutoka mstari mpira unapoanzia, naye mrushaji husimama kama yadi 5 upande wa pili wa mstari huo. Ni yadi 12 za kuvuka, na kijana mwepesi huzimaliza kwa sekunde mbili na ushei. Hesabu kwa sauti, "moja, mbili", na ukifika mbili mpira uwe umetoka.

Wazee hapa Masaka wanasema mjukuu wa Benedicto Kiwanuka alicheza soka la Kimarekani. Ni kweli, na alipata ubingwa? – Msomaji, Masaka

Ni kweli. Mathias Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1972 akiwa Jaji Mkuu. Alichaguliwa na New York Giants mwaka 2006 katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi, namba 32, kama mkabaji wa kuwasaka makwotabeki.

Barua yako inaingia vizuri kwenye mjadala wa leo. Novemba 2006, Giants walikuwa mbele ya Tennessee 21 kwa 0. Robo ya mwisho, dauni ya nne, Kiwanuka alimkumbatia kwotabeki Vince Young, mechi ikiwa karibu kufungwa. Akamwachia, akidhani mpira umeshatoka na refa angemwadhibu kwa kumwangusha mrushaji asiye na mpira. Young alikuwa bado nao. Akachomoka, akapata dauni mpya, na Tennessee wakashinda 24 kwa 21. Kijana alilaumiwa sana, lakini pasi ya mwisho ya Eli Manning wa Giants iliyonaswa ndiyo iliyowapa Tennessee nafasi ya teke la ushindi, la yadi 49.

Manning huyo ndiye kwotabeki wa kumkumbuka mnapokata tamaa na wenu. Novemba 2007 Minnesota walimnasa pasi 4, 3 kati yake zikarudishwa mpaka tachidauni, na akamaliza msimu na pasi 20 zilizonaswa. Katika mechi 4 za mchujo zilizofuata alitoa tachidauni 6 na kunaswa mara 1, na Giants wakaifunga New England, iliyokuwa haijapoteza mechi yoyote msimu ule, 17 kwa 14. Kiwanuka alikuwa amevunjika mguu mwezi Novemba, akabaki nje. Timu hizo zilipokutana tena kwenye fainali ya Februari 2012, alikuwa uwanjani, na Giants walishinda 21 kwa 17.